Kiti Kisilale Mpaka Arobaini

Mara ya kwanza nywele za shingo yangu ziliposimama zenyewe, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha marehemu, saa nane mchana, jua kali, watu wamejaa uwanjani. Sikuwa gizani wala makaburini. Nilikuwa nimeshika mpira wa kikapu, na kocha alikuwa ananipigia kelele nitoe pasi.

Zilianza nywele. Kisha uso ukapata joto, jasho likanitoka kwenye paji na juu ya mdomo, na pua zikaziba ghafla kama mtu mwenye mafua. Moyo, badala ya kwenda mbio, ulipiga polepole na kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango na anajua uko ndani. Halafu mikono ikajaa nguvu. Nilirusha mpira kutoka mahali ambapo sikuwa nimewahi hata kuufikisha kwenye ubao, ukaingia.

Hakuna aliyeshangilia. Wenzangu waliacha kusukuma magurudumu ya viti vyao, na kocha akatoa filimbi mdomoni. Mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba ule ndio urushaji wa marehemu, vilevile, na kiwiko kinatoka nje.

Sisi tunacheza Jumapili, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ukumbi mmoja wa zamani, upande wa Msimbazi. Siku hiyo mitaa ya ndani ya Kariakoo inakuwa na ukimya usio wa kawaida, milango ya chuma imeshushwa, marobota yamefunikwa maturubai, paka wanatembea katikati ya barabara kama wamiliki. Ukuta wa ukumbi unarudisha mlio wa magurudumu yetu, na kuna saa fulani za alasiri ukiihesabu milio hiyo vizuri unapata kiti kimoja zaidi ya vilivyopo. Wote tunalijua hilo na wote tumezoea.

Siku nyingine nauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye baraza la duka la vitambaa. Niliumia kwa bodaboda pale Buguruni, nikiwa abiria, na uti wa mgongo ulikatika usawa wa matiti. Chini ya hapo mwili ni wangu kwa jina tu. Mguu unaweza kurusha teke wenyewe nikiwa namhudumia mteja, mteja akaruka, na mimi nikaomba radhi kwa jambo ambalo sikulifanya. Kuna asubuhi naamka nahisi nimekunja nne, nikiangalia naona miguu imenyooka chini ya shuka kama ya mgeni aliyelala kitandani kwangu.

Miezi mingi baada ya ajali nilikuwa nalala nimegeukia ukuta. Wageni walikuja wengi, wakapungua, wakaisha. Wale waliobaki walikuwa wanazungumza na mdogo wangu juu ya kichwa changu, wanamuuliza kama nimekula. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja asiye na huruma hata kidogo, ndiye aliyenipeleka uwanjani. Siku ya kwanza mwanaume mmoja alinigonga na kiti chake nikaanguka chini pamoja na kiti, na badala ya watu kulia na kushika vichwa, walicheka na kuniambia niamke, mchezo unaendelea. Nilirudi nyumbani na damu kwenye kiwiko na furaha ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Asiyekaa miezi akiangalia ukuta hawezi kunielewa, na simlaumu.

Marehemu ndiye aliyenigonga. Alikuwa kijana wa Kariakoo wa kuzaliwa, mbeba mizigo sokoni kabla hajaporomoka kwenye ngazi za ghala akiwa na gunia mgongoni. Katika timu nzima sisi wawili tu tulikuwa tumeumia juu, usawa mmoja. Wengine wote, pamoja na kocha, waliumia kiunoni, na tulikuwa tunawaita matajiri kwa sababu wana matumbo yanayowatii. Lakini yeye alicheza kuliko matajiri wote. Kabla ya mechi alikuwa na desturi ya kujikita kwenye kiti, anajisukasuka huku na huku, anaegemea kushoto, mpaka uso unamvimba na macho yanakuwa mekundu. Akishafika hapo anacheka na kusema, sasa nimeamka. Kisha hakuna aliyeweza kumzuia.

Alifariki nyumbani kwao, jioni ya siku ya mazoezi. Walisema mshipa wa kichwa ulipasuka, presha. Alikuwa hajafika hata miaka thelathini.

Timu yetu ina desturi yake kuhusu viti. Viti vya kuchezea ni vichache, vinachomelewa na fundi wa Gerezani, magurudumu yamelazwa ili kiti kigeuke haraka. Zamani mwenzetu alipofariki, watu walikigawana kiti chake wiki hiyohiyo, huyu gurudumu, yule mkanda, na timu nusura ivunjike kwa ugomvi. Tangu hapo kocha aliweka sharti. Kiti cha marehemu kisilale, lazima kichezewe kila Jumapili, lakini kisiguswe kitu. Usilegeze mkanda, usibadili mto wa kukalia, usihamishe hata kamba aliyofunga mwenyewe, mpaka arobaini yake isomwe. Sharti zuri kabisa, lina adabu ndani yake. Mimi ndiye niliyepewa, maana nilikuwa nachezea kiti cha hospitali kinachopinduka ovyo, na umbo langu na la marehemu hayakutofautiana sana.

Sasa, sisi tulioumia juu tulifundishwa wodini kabla ya kuruhusiwa. Nywele zikisimama, kichwa kikigonga, jasho likitoka usoni bila sababu, tafuta kilicho chini. Labda mpira wa mkojo umejikunja, au kiatu kimebana, au choo kimekwama. Sehemu isiyoweza kusema inapiga kelele kupitia ile inayosikia, na kelele hiyo ukiipuuza inaweza kukuua. Nililijua somo hilo kama jina langu. Kwa hiyo Jumapili ile ya kwanza niliomba nisogezwe pembeni, nikaangalia mpira wa mkojo, ulikuwa sawa. Nikavua viatu. Nikalegeza mkanda wa suruali yangu. Hakukuwa na kosa lolote, na nywele bado zimesimama.

Niliposhushwa tu kutoka kwenye kile kiti, zikalala.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Nikikaa, baada ya muda mfupi wa kucheza anakuja. Nasema anakuja kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoanza kusema, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha. Wenzangu waliacha kunigonga. Mmoja alikuwa anamsalimia kabla ya mchezo, anatazama juu ya bega langu. Kocha aliniweka nafasi ya marehemu bila kuniuliza.

Nami nilipenda, sioni haya kusema. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kubebwa, anayeshushwa na kupandishwa kama kiroba, na hapa nilikuwa na mabega yanayowaka na mpira unaokwenda nilikotaka. Niliogopa pia, niliogopa sana, kichwa kilikuwa kinanigonga mpaka naona maua meusi pembezoni mwa macho. Lakini Jumatatu nikiwa nimekaa na vifungo vyangu, mteja ananiongelesha kwa upole ule wa kuongea na mgonjwa, nilikuwa nawaza Jumapili itafika lini.

Kisha akaanza kuja mama yake.

Kuna aliyemwambia, sijui nani. Alitembea kwa miguu kutoka nyumba yao ya zamani kule mitaa ya ndani, mama wa makamo aliyefunga mtandio vizuri, na kikapu cha kazi mkononi. Alikuwa mshona kofia za mkono, zile zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi mpaka yanakuwa magumu kama vifungo. Nilimfahamu, alikuwa ananunua nyuzi kwangu. Aliwekewa kiti cha plastiki mstarini, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaanza kushona. Mchezo ulipopamba moto aliacha sindano. Hakuwa anaangalia mpira, alikuwa anaangalia kiwiko changu.

Mwisho wa mchezo alinishika kidevu, akanifuta jasho kwa ncha ya mtandio, polepole, paji la uso na juu ya mdomo. Akasema, "Na yeye alikuwa anatoka jasho hapahapa."

Tangu siku ile hakukosa Jumapili. Alikuwa hali, walisema majirani, alikuwa halali, lakini Jumapili anaoga na kuja. Kocha aliniambia kwamba mama yule amerudi kuongea na watu kwa sababu yangu. Nikaona nimebebeshwa kitu kikubwa kuliko mpira.

Mdogo wangu, tunayeishi naye chumba kimoja na sebule, ndiye anayenikagua ngozi kila jioni. Ni kazi isiyo na mjadala kwa watu kama sisi, maana kidonda usichokisikia kinaweza kukuzika. Jioni moja ya Jumapili alinigeuza, akamulika kwa tochi ya simu, akasogeza uso karibu. Nyuma ya paja la kushoto, juu karibu na kalio, kulikuwa na alama nyekundu inayoelekea weusi, mviringo kabisa, ukubwa wa kizibo cha soda. Aliibonyeza na haikubadilika rangi. Akanipiga picha nikaiona mwenyewe.

Nilimwambia mambo yote, ya nywele, ya marehemu, ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mzimu hauna mviringo."

Alitaka mto ule ufunguliwe kesho yake. Nikakataa. Arobaini ilikuwa inasomwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, na sikuwa tayari kuvunja sharti la timu zikiwa zimebaki siku za kuhesabu kwa mkono mmoja. Aliniita mjinga, nikampa yake, tukalala tumenuniana.

Ijumaa nilikwenda kwenye hitima. Mimi ni Mkristo wa Masasi, lakini Kariakoo hakuna anayeulizwa hilo akiwa amekuja kufariji. Walinikalisha uani na wanawake, kisomo kinasikika kutoka barazani, pilau inapakuliwa. Mama mtu alikuja kunishika bega. Alisema kiti sasa ni changu, nifanye nipendavyo, ila Jumapili nisikose, kwani tulikuwa tunapokea timu kutoka ng'ambo ya mji na yeye amewaambia mashoga zake waje wamwone mwanawe. Alisema hivyo hasa, waje wamwone mwanangu.

Jumamosi asubuhi nikamwomba kocha afungue stoo. Kocha alikuwa dereva wa malori makubwa kabla ya kuumia, mtu mwenye maneno machache. Viti vyetu vilikuwa vimepangwa mstari, vyote vinatazama mlango, mikanda imening'inia, na nilipata hisia kwamba tumeingia watu wakiwa katikati ya mazungumzo. Cha marehemu kilikuwa cha mwisho. Kocha alifungua kamba, akainua mto, akaupindua.

Kwenye sponji, upande wa kushoto, palikuwa pamechimbwa tundu. Ndani ya tundu kulikuwa na kifuko cha kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote.

Kocha alirudisha kiti chake nyuma. Alisema ni hirizi, tusiiguse, tumwite mtu anayejua. Hata mimi niliogopa. Lakini kazi yangu ni nyuzi, na macho yangu yalikuwa yameshatua kwenye mshono. Pande tatu zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono imebanwa pamoja, uzi ule ule wa kuzungushia matundu ya kofia, mkono ninaoujua na uzi niliouuza mwenyewe. Upande wa nne ulikuwa umefungwa ovyoovyo, mkono wa mwanaume. Nikatoa wembe kwenye mkoba, nikakata upande ule wa nne.

Ikadondoka nati. Nati ya tairi la lori, nzito, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Kocha aliiokota, akaigeuzageuza kiganjani. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Nilimkuta siku moja amebana mpira wa mkojo makusudi. Akaniambia kibofu kikijaa anapata nguvu. Nikamgombeza, akaapa ameacha. Hili la nati sikulijua."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hofu niliyoipata ilikuwa baridi zaidi kuliko ile ya mzimu. Kujikita kwake kule, kuegemea kushoto, sasa nimeamka. Alikuwa anauumiza mwili usiosikia ili ule unaosikia uwake. Jasho, nywele, moyo ule unaogonga, mikono ile, vyote vilikuwa ni mwili wake unaomba msaada, na yeye aliutumia mwili huo kurusha mpira. Kila Jumapili alikuwa anakwenda ukingoni na kurudi, mpaka ile asiyorudi. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale kwa adabu, nimefunga mkanda kwa kipimo chake, nafuata nyayo zake kwenda alikokwenda.

Nilimwonyesha kocha mshono. Alielewa haraka, uso ukamwanguka. Tulikubaliana bila kusema mengi kwamba mama yule asijue alichoshonea kifuko. Nikachukua nati nikaitia kwenye mkoba wangu, kati ya vifungo.

Jumapili walikuja wengi. Mashoga wa mama walikaa mstari mzima, mitandio ya kila rangi, na yeye katikati amenyooka kama siku ya harusi. Nilikuwa nimewekewa mto mwingine, laini, na mwenzangu alinikagua, akapitisha mkono chini ya mapaja yote mawili kama tunavyofanya sote siku hizi kabla ya kuanza. Mkoba wangu ulikuwa pembeni ya uwanja. Niliutazama. Ilikuwa kazi ya dakika moja tu, kuichomeka ile nati chini ya paja na kufunga mkanda. Ningeshinda. Yule mama angemwona mwanawe akiwa na mashoga zake wote. Na mara moja tu, nilijiambia, mara moja haiui mtu. Nadhani ndivyo na yeye alivyojiambia kila mara.

Filimbi ikalia, nikaenda bila nati.

Tulifungwa vibaya. Nilikuwa mzito, mabega yanauma maumivu ya kawaida, mpira unadondoka kabla ya kufika kwenye ubao. Nywele zililala muda wote. Nilihisi upweke ambao sikuutegemea, kama mtu ambaye mpangaji mwenzake amehama bila kumuaga, na wakati huohuo nilihisi kwamba pumzi ni zangu na uchovu ni wangu. Nilipopata kikapu kimoja, cha karibu, cha kuokoteza, wenzangu walinigonga na viti vyao mpaka nikapinduka, na nikacheka chini pale sarujini. Nilikuwa nimesahau kwamba walikuwa wameacha kunigonga.

Baada ya mchezo mashoga waliondoka mapema. Mama alibaki kwenye kiti chake cha plastiki mpaka uwanja ukabaki mtupu, akaja. Alinishika kidevu kama kawaida, akainua ncha ya mtandio, akakuta paji na juu ya mdomo pakavu, jasho liko shingoni na kwapani tu, jasho la kila mtu. Mkono ukabaki hewani.

"Leo hakuja," alisema.

Nikasema hakuja, mama. Leo nilikuwa mimi.

Alitikisa kichwa polepole. Akaketi kwenye ukingo wa saruji, macho yetu yakawa sawa, akaanza kutafuta kitu ndani ya kikapu chake. Alitoa sindano na kipande cha kitambaa cheusi. Aliniuliza kama kile kifuko kimetoka nilipobadilisha mto. Alisema mwanawe alimwomba amshonee kifuko cha kumlinda, akaacha upande mmoja wazi ili atie dua aliyopewa, na kwamba tangu akiweke alikuwa hashindwi.

"Kama kimechakaa usijali," alisema. "Nipe uzi wako ule mgumu, nikushonee kingine, mwanangu. Arudi."

Kocha alikuwa mlangoni mwa stoo, ameinamisha kichwa. Mkoba wangu ulikuwa mapajani, na nati ndani yake, na mimi sihisi uzito wake. Nilimwambia mama kwamba kifuko kilifanya kazi yake, na mwanawe amepumzika, tumwache apumzike. Nikamshika mkono wenye sindano mpaka akairudisha kikapuni mwenyewe. Machozi yalimtoka bila sauti, na yangu pia.

Akauliza ndani yake mwanawe alitia dua gani, kama niliiona.

"Niliiona," nikasema. "Ni dua nzuri."

Na pale nywele za shingo yangu zikasimama, zote, na pua zikaziba, na moyo ukagonga mara moja, polepole. Nilimwita mwenzangu aje anikague. Nikaondoa mkoba mapajani, akapitisha mkono chini ya paja la kulia, kisha la kushoto, akatazama mpira wa mkojo, akatazama viatu. Akaniambia hamna kitu, dada, uko sawa.